Chuo cha ngoma na kompyuta kijengwe Garsen, na ngoma zibaki za wenyewe

Fumo Liyongo alitoka gerezani kwa ngoma na tupa. Utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 unaeleza ilivyokuwa. Mama yake alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, kijakazi Saada akaupitisha mbele ya walinzi wasioutamani, naye mfungwa akawatungia watu wa nje nyimbo za gungu. Ngoma ilipokolea, matoazi na kelele za wachezaji zikafunika mlio wa chuma kikikata chuma. Kaburi linalosemwa kuwa lake liko Kipini, pale Mto Tana unapokutana na bahari, ndani ya eneobunge la Garsen.

Katika delta hii, basi, kifaa na uchezaji vimesaidiana tangu enzi za masimulizi. Anayesema kwamba ngoma na kompyuta haviwezi kukaa chungu kimoja hajawasikiliza wazee wa kijiji cha Ozi.

Ninatetea jambo moja hapa. Pwani ya Kenya inahitaji chuo cha ngoma kinachofundisha uchezaji pamoja na kamera, vihisi na programu za kompyuta. Chuo hicho kijengwe Garsen. Na miondoko itakayorekodiwa humo iandikwe kuwa mali ya jamii zilizoizaa kabla haijaingia katika mashine yoyote. Likikosekana hili la mwisho, afadhali chuo kisijengwe kabisa.

Kwingineko walianza zamani. Merce Cunningham, gwiji wa dansi wa Marekani, alianza kutunga miondoko kwa programu iitwayo LifeForms mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa na umri wa takriban miaka 70. Programu hiyo ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada. Mwaka 1999 akaonyesha BIPED, ambapo wachezaji wa damu na nyama walicheza jukwaa moja na michoro ya mwanga iliyotokana na miondoko ya wachezaji wenzao. Mwaka 2019 Wayne McGregor wa Uingereza alishirikiana na kampuni ya Google, akailisha mashine video za kazi zake za miaka 25 ili impendekezee miondoko mipya. Ni kazi nzuri, na mtu akipata nafasi azitazame. Lakini Cunningham na McGregor walikuwa na majumba ya maonyesho, mameneja na mikataba. Mwanamke anayeongoza ngoma ya harusi kijijini Tarasaa hana hata kimoja kati ya hivyo, na chochote kitakachotengenezwa kwa ajili yake lazima kianzie hapo.

Karibu na nyumbani tuna Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kimewafunza vijana wengi wa Tanzania na wageni wa nje, na kimeonyesha kwamba chuo cha ngoma kinaweza kuishi katika mji mdogo wa pwani bila kuhamia jijini. Kenya tulichukua njia nyingine. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971, ngoma za nchi nzima zikakusanywa jukwaa moja Nairobi, na watalii pamoja na wanafunzi wa shule wakazitazama huko. Siidharau kazi ile, kwani imewalisha wachezaji na familia zao kwa miongo mingi. Tatizo ni kwamba ngoma ikiondoka kijijini huacha nyuma wale wanaojua kwa nini inachezwa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na kwao mcheza mwaribe wa Kipokomo ni kando ya Tana.

Abiria wa mabasi ya Lamu wanaijua Garsen kwa joto lake, maembe yake na ukaguzi wa polisi. Wachache hujua kwamba ndani ya eneo dogo hili mtu anaweza kukutana na Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wawata, Wagiriama, Wabajuni na Waswahili wa Kipini, kila jamii na ngoma zake. Wapokomo wa juu ya mto ni Waislamu wengi, wa chini ni Wakristo wengi tangu wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walipofika mwaka 1887 na kuweka makao yao Ngao. Waorma ni wafugaji, na uchezaji wao huegemea zaidi sauti, makofi na kishindo cha mguu. Ukienda Kipini utakuta utamaduni wa Lamu na Pate, pamoja na vugo la wanawake na pembe zake za ng'ombe. Sijui mahali pengine Kenya ambapo mwanafunzi wa ngoma angepata walimu wa namna nyingi hivi kwa nauli ya bodaboda.

Ila Tana ina kidonda, na yeyote atakayekuja na kamera akijue. Mara mbili sauti ya mto huu imechukuliwa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1902. Maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliinyang'anya jamii ya Wapokomo ngadzi, ngoma kuu takatifu, chombo ambacho wengi waliruhusiwa kukisikia tu na wachache sana kukiona. Mwaka 1908 ikaingia British Museum mjini London. Iko ghalani humo hadi leo, zaidi ya karne moja, bila kupigwa. Mradi wa Kimataifa wa Orodha za Malikale, ulioshirikisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi na makavazi mawili ya Ujerumani, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo ughaibuni. Ngadzi ni kimoja katika hivyo vyote, lakini kwa Mpokomo ndicho kilichokuwa kikiunganisha ibada, uongozi na mto.

Mara ya pili ilikuwa kwa heri, na bado inauma. Uhuru ulipokaribia, tume ya wanamuziki watano iliteuliwa kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichagua lahani ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, lahani ambayo jina la Mzee Meza Moroa Galana limehusishwa nayo kwa miaka mingi. Kila Mkenya anasimama wima inapopigwa. Mtoto wa shule Kisumu au Nyeri anaijua kuliko anavyojua jina la kijiji chake cha asili. Ila muulize ilitoka mto gani.

Kuna jambo la mwaka 1963 ambalo hunikereketa. Katika mwaka uleule lahani ya Tana ilipopandishwa pamoja na bendera, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya British Museum, sheria ambayo hadi sasa inayazuia makavazi hayo kuvitoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache sana. Wimbo ukawa wa taifa zima, ngoma ikafungiwa ghalani kwa sheria. Kwa hiyo ikiwa sasa ni zamu ya miondoko, yaani namna mabega ya mcheza Mpokomo yanavyojibu msondo na namna kijana wa Kiorma anavyopaa na kutua, watu wa Tana wana haki ya kuuliza maswali mengi kabla ya kusema ndiyo.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe kwa karibu, maana wanaoisifu na wanaoiogopa mara nyingi hawajaiona ikifanya kazi. Zamani kunasa mwendo kulihitaji chumba chenye kamera nyingi za miale isiyoonekana na mchezaji aliyevaa nguo ya kubana iliyobandikwa vidoto vinavyong'aa. Leo simu ya kawaida inatosha. Programu iitwayo BlazePose, iliyotolewa na Google mwaka 2020 na inayopatikana bure, humtazama mtu kwenye video na kuweka nukta 33 juu ya mwili wake. Nukta hizo zikiunganishwa kwa mistari, unaona mtu wa vijiti akicheza juu ya mtu wa kweli. Kila nukta ni namba zinazobadilika mara nyingi kwa sekunde, na namba zinaweza kuhifadhiwa, kulinganishwa na kufundishwa.

Hesabu nukta hizo, utaona mambo. Kumi na moja ziko usoni: pua, macho, masikio, pembe za mdomo. Sita ziko vidoleni. Nyingine ziko mabegani, viwikoni, vifundoni mwa mikono, nyongani, magotini na miguuni. Mgongoni hakuna hata moja. Kati ya mabega na nyonga mashine inaona boksi tupu lenye pembe nne.

Mtu wa Pwani ataelewa mara moja maana ya hilo. Ngoma zetu nyingi zinakaa palepale ndani ya boksi. Kiuno cha chakacha kinazunguka mabega yakiwa yametulia. Mgongo wa mpiga msondo unapinda kabla mkono haujashuka. Kifua kinatikisika miguu ikiwa haijanyanyuka. Mashine inamtazama bingwa wa kiuno na kuandika kwamba amesimama, anayumba kidogo. Walioitengeneza walikuwa na haja nyingine, pengine mazoezi ya viungo na michezo, na si kosa lao kwamba hawakumfikiria mama wa Kipini. Litakuwa kosa letu tukiikubali hivyo ilivyo, tukahifadhi namba hizo na kuwaambia wajukuu kwamba hii ndiyo ngoma ya bibi zenu.

Yapo mengine pia. Leso na madira huficha magoti. Duara la wachezaji 20 huichanganya programu iliyozoea mtu mmoja mbele ya ukuta mweupe, na mguu wa huyu ukapewa yule. Vumbi la Garsen likitimka, nukta huruka hovyo.

Haya yote yanatatulika, na ndiyo sababu ninataka chuo chenyewe kiwe hapa badala ya kungoja watafiti waje na kuondoka. Kila simu ya kisasa ina vihisi ndani vinavyojua inavyoinama, inavyozunguka na inavyoshtuka. Ndivyo vinavyogeuza picha unapolaza simu. Mfunge mchezaji simu kiunoni kwa leso, sawasawa juu ya mfupa wa nyonga, na kile ambacho kamera haikioni kiunoni kitaandikwa: mzunguko, kasi, pale anaposhika na pale anapoachia. Kifaa cha bei nafuu chenye kihisi cha aina hiyo kinaweza kushonwa ndani ya ukanda wa njuga, na hapo ndipo mwanafunzi atajua kama mguu wa mcheza hodari unafika pamoja na ngoma, unaitangulia, au unaichelewesha kwa makusudi. Wapigaji wazuri wanalijua jambo hilo kwa masikio. Likipimwa, linaweza kufundishwa kwa kijana aliyezaliwa Mombasa au Toronto ambaye hajawahi kukaa usiku mzima penye ngoma. Kijana wa kidato cha nne kutoka Wema au Semikaro, aliyekulia ndani ya ngoma hizo, ataona kosa la mashine haraka kuliko mhandisi yeyote. Huyo ndiye mwanafunzi ninayemfikiria.

Tukija kwenye umiliki, tusijidanganye. Mwaka 2018 rapa 2 Milly wa New York na mwigizaji Alfonso Ribeiro waliishtaki kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa kompyuta wa Fortnite, kwa madai kwamba mitindo yao ya kucheza imewekwa ndani ya mchezo na kuuzwa kwa mamilioni ya watu. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haikuwasaidia, kwa hoja kwamba hatua chache za dansi hazitoshi kuwa kazi ya kulindwa, na mwaka 2019 kesi hizo ziliondolewa. Mtunzi mwingine wa dansi, Kyle Hanagami, alibahatika zaidi, kwani mahakama ya rufaa ilifufua kesi yake dhidi ya kampuni hiyohiyo mwaka 2023. Hawa ni watu mashuhuri, wenye mawakili, wanaoweza kuonyesha siku na saa walipocheza mara ya kwanza. Ngoma ya Kiorma haina mtunzi mmoja wala tarehe. Ikishageuzwa namba na kuwekwa mtandaoni bure, kampuni yoyote ya michezo au ya akili unde itaichota, na hakuna mahakama itakayojua impe nani fidia.

Hapa Kenya kuna sheria iliyofikiria jambo hili, na inasikitisha kwamba watu wengi hawaijui. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitambua jamii, na si watu binafsi pekee, kuwa wenye haki juu ya ngoma zao. Anayetaka kuzitumia lazima apate kwanza ridhaa ya jamii iliyoelezwa jambo kinagaubaga, na manufaa yagawanywe kwa haki. Zaidi ya hayo, inazitwika serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa na sanaa hizo. Chuo cha Garsen kingekuwa mahali pa kuifanya sheria hiyo iwe na miguu. Kila rekodi iingie ikiwa na jina la kijiji, majina ya wachezaji, walivyoruhusu na wasivyoruhusu. Namba zikae kwanza kwenye kompyuta za chuo, na nakala zitoke kwa ruhusa.

Tena ruhusa hiyo iwe na nguvu ya kukataa. Wazee wa gasa wa Wapokomo na wazee wa matadheda wa Waorma watasema kuhusu ngoma fulani kwamba hii hairekodiwi, au inarekodiwa bila wanawake kuona, au bila wanaume. Watafiti wa kigeni, na hata vijana wetu wenye haraka, huona hapo ukaidi. Mimi naona elimu. Ngadzi ilikuwa na nguvu kwa sababu haikuonekana ovyo. Atakayependekeza kwamba ipigwe picha za pande zote London, itengenezwe ya bandia kwa mashine na kuletwa Garsen kama zawadi, ajue kwamba wenyewe wanaitaka ile iliyochukuliwa. Teknolojia isiwe njia ya kumaliza madai yao.

Nazungumzia Wapokomo na Waorma kwa pamoja makusudi. Agosti 2012, katika mapigano ya jamii hizi mbili, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji ya kulipizana yakafuata Chamwanamuma na Kilelengwani mwezi wa Septemba. Chanzo kilikuwa malisho, mashamba, maji na siasa, na sisemi kwamba ngoma ingeyazuia. Nasema tu kwamba chuo kitakachowekwa mikononi mwa jamii moja kitakuwa kimezaliwa kimekufa. Bodi yake iwe ya jamii zote, na mwalimu wa Kiorma alipwe sawa na mwalimu wa Kipokomo na wa Kipini. Alipwe mshahara, na mapema. Mara nyingi mno mzee hupewa soda na fulana, naye msomi aliyemrekodi hupanda cheo.

Kuhusu jengo nitasema machache. Mto ulifurika mwaka 2018, ukafurika tena mwishoni mwa 2023 na Aprili hadi Mei 2024, pale mvua za huku chini zilipokutana na maji ya mabwawa ya Masinga na Kiambere. Chuo kikae juu, upande wa Minjila, kiwe na umeme wa jua, na nakala za kazi zake ziwekwe pia Hola na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Uwanja wa kuchezea uwe wa udongo. Sakafu ya saruji huumiza magoti na kubadilisha mlio wa njuga, na mchezaji yeyote wa Tana atakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza.

Kwa serikali ya Kaunti ya Tana River na wawakilishi wadi wa Garsen na Kipini, ombi langu ni kwamba rejista inayotajwa na sheria ya 2016 ijazwe ngoma za delta kabla ya jiwe la msingi la chuo chochote, na wazee waitwe kuijaza wakiwa wamelipwa nauli na siku zao. Kwa msomaji mwenye kanda za kaseti au za video za harusi, jando na sherehe za miaka ya 1980 na 1990 kutoka Ngao, Tarasaa, Wema, Golbanti, Ozi au Kipini: usizitupe. Andika juu ya kila kanda kijiji, mwaka na majina ya wapigaji na wachezaji unaowatambua, kisha iweke mahali ambapo maji ya mto hayataifikia.